Ukanda wa Vidole Vinne

Picha kumi na mbili zimeletwa dukani kwangu Mkunazini,
zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki.
Za hoteli mpya, ukumbi wa chini,
ule wenye feni za shaba zisizompepea mtu.
Meneja kaandika kwa penseli nyuma ya kila moja:
fremu nyeusi, kioo kisichong'aa, kata hapa.

Nane ni milango. Mbili ni punda.
Mbili ni raga.

Mie raga siijui. Najua mninga, najua gundi,
najua pembe ya nyuzi arubaini na tano
inavyokataa kufunga msumeno ukiwa butu.
Lakini ile ya pili niliitazama mpaka chai ikafanya utando:
uwanja wa Mnazi Mmoja, masika yametoka kunyesha,
wazungu wa serikali na mabaharia wa manowari
wameshikana mabega, vichwa chini,
kama watu walioangusha pete moja
na kila mmoja anadai ni yake.
Matope mpaka kwenye masharubu.
Na mpira, umbo la papai bichi,
umechomoka pembeni, haumtaki yeyote.

Mstari wa penseli umepita kushoto.
Nje ya mstari, upana wa vidole vinne,
kuna mtu.

Kofia ya viua. Kanzu imekunjwa, imefungwa kiunoni.
Sinia la machungwa yaliyopasuliwa, machungwa ya kijivu,
kalishikilia kama aliyeambiwa asitikisike.
Na dole gumba la mkono wa kulia
limepinda kuelekea nje,
mfano wa komeo lisiloingia tunduni.

Dole lile nalijua.
Ndilo lililonifunga vifungo vya shati la skuli,
polepole, mpaka kengele ilie tukiwa bado nyumbani.
Babu Faki akisema: mpira ndio ulionivunja,
mpira wa wazungu, unaruka kama kuku aliyeponea kisu,
niliudaka mara moja tu.
Sisi tukicheka.
Ndiye huyo huyo aliyesema aliwahi kumkanyaga papa, papa mzima,
pale Maruhubi, maji ya magotini.
Muongo wetu, tuliyempenda.
Alikufa na raga yake mdomoni
huku tukimlisha uji.

Nikaweka rula. Nikakata pale pale palipoandikwa;
kazi ya mtu ni kazi ya mtu.
Hoteli ikapata mpira wake katikati,
matope yake, masharubu yake,
na risiti.

Ukanda ukabaki mezani, umejikunja.
Nikaulaza chini ya daftari la madeni, zito kuliko yote dukani,
asubuhi ukaamka umenyooka.
Nikautafutia kipande cha mninga nilichokuwa nakificha
hata kwa wateja wanaolipa taslimu.
Fremu ndefu, nyembamba, imekaa kama ala ya jambia.
Nikaipeleka Kikwajuni, kwa mama.

Tukaondoa kalenda ya mwaka juzi. Msumari ulikuwepo.
Mama akasogea, akarudi nyuma, akavaa miwani,
akaivua, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.
Akalitafuta dole kwa dole lake, juu ya kioo.
Hakusema kitu kuhusu dole.
"Kakodolea nini macho?"
"Mpira, mama. Unakuja kwake."
"Na wenziwe wako wapi?"
"Hotelini. Wamelipiwa."

Akaisukuma fremu ikae sawa. Ikapinda tena.
Ndipo Zuwena wa nyumba ya pili akaingia
kuazima mbuzi ya nazi,
akauliza ni nani huyu anayeuza machungwa.

"Hauzi," mama akajibu. "Anacheza."

Zuwena akafuata macho ya babu, kulia,
kule mpira unakotarajiwa kutokea:
mlango wa jikoni, pazia limefungwa fundo,
sufuria la maharage linachemka.
Akasogea kidogo, asije akazuia.